Nani Aidhinishe Mnara wa Askari?

Ukishuka Posta, Dar es Salaam, na kuifuata Barabara ya Samora, utamkuta askari wa shaba amesimama katikati ya mzunguko wa barabara, bunduki mkononi, singe ikielekea bandarini. Yuko hapo tangu 1927. Aliyemchonga ni Mwingereza, James Alexander Stevenson. Shaba ikayeyushwa na kumiminwa London, sanamu ikaja kwa meli. Mkazi wa Dar es Salaam hakuulizwa. Hata kabla yake, Wajerumani walikuwa wamemsimamisha gavana wao Hermann von Wissmann katika mji huuhuu bila kumuuliza mtu. Waingereza walipouteka mji wakamng'oa, akaishia Hamburg, ambako wanafunzi wa chuo kikuu walimwangusha miaka ya 1960.

Mwaka 1928 Nairobi nayo ikapata mnara wake, kwenye barabara ambayo leo ni Kenyatta Avenue: watu watatu wa shaba, mmoja wao mchukuzi wa mizigo. Maandishi yake ni ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, na yanamwahidi kijana kwamba akiipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Uzunguke mnara huo pande zote. Hutaona jina hata moja.

Hayo hayakuwa ya bahati mbaya, yaliamuliwa mezani. Tume ya Makaburi ya Vita ya dola ya Uingereza ilikuwa imejiwekea kanuni nzuri kabisa, kwamba kila aliyekufa katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 aandikwe jina lake, na mwenye cheo asipewe jiwe kubwa kuliko kuruta. Kanuni hiyo ilipofika Afrika Mashariki ikakunjwa. Maofisa wakaona kwamba kwa askari na wachukuzi wa Kiafrika mnara wa jumla unatosha. Gavana wa Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana, alifika mahali pa kusema kwamba Mwafrika wa kawaida hawezi kuelewa wala kuthamini jiwe la kaburi. Mwaka 2021 tume hiyohiyo ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza, Ben Wallace, akaomba radhi bungeni.

Nimeisoma habari hiyo mara nyingi, na kinachoniumiza kuliko ubaguzi wenyewe ni urahisi wake. Watu wachache walikaa ndani, wakaandikiana barua, wakamaliza. Hapakuwa na mlango wowote ambao mjane wa Tabora au wa Machakos angeweza kuubisha na kusema: mume wangu aliitwa fulani, alichukuliwa mwaka fulani, hakurudi. Wachukuzi waliobeba mzigo wa vita ile wakaishia kuachia jina lao soko, Kariakoo kwetu na Kariokor Nairobi, na hata jina hilo ni la kikosi, Carrier Corps, si la mtu.

Ninachotetea ni kwamba mnara wowote wa kuwaenzi wanajeshi unaojengwa kwenye ardhi ya umma upitie utaratibu ulio wazi. Litolewe tangazo, wananchi wapewe muda wa kusema, na uamuzi uandikwe pamoja na sababu zake. Nchi zetu zina sheria za mambo ya kale, na Kenya ina sheria yake ya mashujaa ya 2014. Hata hivyo, mara nyingi mwananchi huusikia mnara siku kitambaa kinapovutwa. Wasiokubaliana nami wana hoja nzito, na nisingependa kuzipita juujuu.

Wanajeshi watakuambia kwanza kuhusu siri. Orodha ya waliokufa humwonyesha adui kikosi gani kilipigwa wapi na kwa kiasi gani. Kenya imeyapitia hayo. Al-Shabaab waliposhambulia kambi ya El Adde nchini Somalia tarehe 15 Januari 2016, serikali haikutangaza idadi kamili ya waliouawa. Sababu iliyosikika ilikuwa ile ile, kwamba vita vinaendelea na adui asipewe cha kujigambia. Naielewa kwa wiki ile, hata kwa mwaka ule. Lakini siri ya vita ina umri wake, na ukipita, anayefichwa si adui tena bali ni mama wa marehemu.

Hoja ya pili inanigusa zaidi, nayo ni ya majeraha. Chukua Mau Mau. Kundi hilo lilibaki haramu kisheria hadi 2003, miaka 40 baada ya uhuru. Katika vijiji vya Nyeri na Murang'a, mjukuu wa aliyepigana msituni na mjukuu wa aliyekuwa askari wa ulinzi wa wakoloni wanachota maji kisima kimoja. Waite kwenye mkutano wa hadhara, waulize nani shujaa. Kuna mambo ambayo wazee waliamua kwa hekima yao kuyanyamazia ili watoto waoane. Anayesema utaratibu wa wazi unaweza kuyafukua hayo yote hasemi upuuzi.

Ipo pia hoja ya sanaa, na hii nakiri ndiyo iliyonisumbua kwa muda mrefu. Mnara maarufu kuliko yote ya wanajeshi duniani katika nusu karne iliyopita, ule wa vita vya Vietnam mjini Washington, pengine usingepita kama ungepigiwa kura. Mwaka 1981 yaliletwa mapendekezo 1,421, yote yakiwa na namba badala ya majina ya wasanii. Jopo la wataalamu wanane likachagua moja. Walipofungua bahasha wakakuta ni la Maya Lin, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Yale, mwenye umri wa miaka 21 na mzaliwa wa wazazi kutoka China. Alikuwa amechora kuta mbili nyeusi zilizozama ardhini, bila sanamu, bila farasi, bila bendera, majina tu yakifuatana kwa siku za kufa. Baadhi ya askari waliotoka vitani waliuita kovu la aibu. Wanasiasa wakataka uzuiwe. Leo watu wanasimama mbele ya ukuta ule wakilitafuta jina la kaka, wanaweka karatasi juu yake na kulisugulia penseli ili waondoke nalo.

Kwa hiyo, je, umma ukae pembeni, wajuzi waamue? Hapo ndipo nilipokwama, mpaka nilipoutazama mfano huohuo kwa karibu zaidi. Jopo la Washington halikuamua nani aandikwe ukutani. Orodha ilitoka Wizara ya Ulinzi, na imebaki wazi: familia inayoamini ndugu yao alistahili inaweza kupeleka maombi, na majina yameendelea kuongezwa. Ugomvi wa umbo nao ulifanyika hadharani, kwenye magazeti na mbele ya tume zenye mamlaka kisheria. Mwaka 1984 ukazaa sanamu ya askari watatu ya Frederick Hart iliyowekwa karibu na ukuta, na ukuta wenyewe haukuguswa. Kelele zilikuwa kubwa, lakini hatua zilikuwa zimeandikwa, kwa hiyo kelele zilikuwa na pa kwenda.

Tofauti hiyo ndiyo ninayoishikilia. Umbo la mnara ni kazi ya msanii na jopo, na mwananchi aonyeshwe mapema na asikilizwe, lakini asichonge kwa kura. Majina ni suala jingine. Nani alikuwepo, nani hakurudi, nani alibeba maji na risasi bila kuvaa sare, hayo hayajui msanii wala jenerali peke yake. Yanajulikana Muleba, Misenyi, Songea, Mwatate, kwenye kumbukumbu za watu wa kawaida.

Nina mjomba aliyekwenda vita vya Kagera akiwa mgambo. Aliposikia Mwalimu akisema redioni tarehe 2 Novemba 1978 kwamba uwezo wa kumpiga Amin tunao, sababu tunayo na nia tunayo, alikuwa kijana wa miaka 19 anayelima pamba. Chini ya kitanda chake kuna sanduku la bati, na ndani ya sanduku kuna daftari la shule lenye mistari iliyofifia ambamo aliandika majina ya wenzake wanane wa kijiji kimoja. Watano wana alama ya msalaba au nusu mwezi kwa wino mwekundu. Nilimuuliza kama kuna mtu aliyewahi kuja kuliona lile daftari. Akanitazama kana kwamba nimemuuliza swali la kitoto. Akalifunga, akalifunika kwa kitambaa, akalirudisha sandukuni.

Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, Rais huweka mkuki na ngao kwenye mnara, Mkuu wa Majeshi akaweka sime, na wazee waliopigana nao wana zamu yao. Naipenda sherehe hiyo. Silaha zile za jadi ni za kwetu, hatukumuiga mtu. Lakini wale watano wa daftarini wamo ndani ya neno "mashujaa" tu. Mgambo walikwenda kwa makumi ya maelfu, na kumbukumbu zao ni rahisi kupotea kuliko za askari wa kudumu. Ofisa wa makao makuu hawezi kuwapata akiwa peke yake hata akitaka. Tangazo likibandikwa ofisi ya kata, likasomwa msikitini na kanisani, watapatikana.

Kuhusu majeraha ya zamani, mnara wa Mau Mau uliofunguliwa Uhuru Park, Nairobi, tarehe 12 Septemba 2015, unanipa moyo. Ulijengwa kwa fedha za Uingereza baada ya makubaliano ya 2013 na wahanga wa mateso zaidi ya 5,000, na chama cha wapiganaji wenyewe kilikuwa mezani. Uangalie umbo lake. Mwanamke anampa mpiganaji kikapu cha chakula, na kila mmoja ameugeuza uso asimwone mwenzake, ili akikamatwa na kuteswa asiweze kumtaja. Mtu asiyeyajua maisha ya msituni angechonga ngumi juu na bunduki. Mnara huo haukuwapatanisha wote, lakini unasema kweli kuhusu hofu, na hofu waliijua wa pande zote mbili.

Utaratibu wenyewe usiwe mrefu hadi ukawa njia ya kuua jambo. Sheria ya Marekani ya 1986, kama ilivyorekebishwa baadaye, inataka mnara wa vita usubiri miaka kumi tangu vita kwisha. Mwaka 2017 Bunge lao likalazimika kutoa msamaha maalumu kwa mnara wa vita dhidi ya ugaidi, kwa sababu vita hivyo havikuwa na mwisho wa kuhesabia. Sisi hatuhitaji kusubiri hivyo. Vijana wa Kagera leo wana miaka sitini na kitu na kuendelea, na kila msimu wa mvua wanapungua. Miezi mitatu ya maoni, mwezi mmoja wa rufaa, basi. Jambo moja la sheria ile ningelichukua lote: anayejenga hutenga asilimia kumi ya gharama kwa ajili ya matunzo. Tunaijua minara yetu iliyozungukwa na magugu, herufi zikidondoka moja moja.

Orodha itakosewa. Hata Washington kuna majina ya watu waliokuwa hai yaliyochongwa kimakosa. Lakini kosa lililo hadharani lina wa kulirekebisha. Sanamu ya Mwalimu Nyerere ilipofunuliwa makao makuu ya Umoja wa Afrika, Addis Ababa, Februari 2024, Watanzania wengi walilalamika kwamba sura haifanani, na malalamiko yakafika shaba ikiwa imeshapoa. Sura unaweza kuivumilia. Jina likiachwa, huwezi kulivumilia kwa niaba ya mwenye nalo.

Cape Town, kwenye bustani ya Company's Garden, ulifunguliwa Januari 2025 mnara wa vibarua weusi wa Afrika Kusini waliokufa wakilihudumia jeshi la Uingereza katika Vita Kuu. Ni nguzo za mbao, zaidi ya 1,700, kila mtu na nguzo yake, jina lake juu yake. Imechukua zaidi ya miaka 100. Wajukuu walikuja, kila mmoja akaitafuta ya babu yake.

Mjomba anaikaribia miaka sabini, na macho yake yameanza kuingia mtoto wa jicho. Nimemwomba ruhusa nililiguse lile daftari, niyanakili majina yale wakati bado anaweza kuniambia kila mmoja alikuwa mtoto wa nani. Amekubali, kwa sharti kwamba tuandike yote manane.