Nesi, vile vidonge nilikuwa simezi

Wiki ya pili baada ya kujifungua mtoto wangu wa kwanza, nilikuwa napanga nguo zake kwenye droo, mkono ukagusa mfuko wa karatasi. Nikaumwaga kitandani, nikahesabu. Vidonge 47. Vingine vilikuwa vimeshaanza kubanduka rangi kwa unyevu. Kliniki walinipa 90 kwa awamu tatu, kwa hiyo nilimeza 43, na hapo najipendelea, maana vingine najua vilitapikwa kabla havijakaa.

Kadi yangu ya kliniki haijui habari hii. Kadi inasema: madini chuma na foliki, amepewa. Amepewa. Amepewa. Mara tatu, na sahihi pembeni. Ukiifuata kadi, mimi ni mfano bora wa mpango uliofaulu.

Na kila hudhurio niliulizwa.

"Mama, dawa unameza?"

"Nameza, nesi."

Yeye alijua, nami nilijua kwamba anajua. Nyuma yangu kulikuwa na foleni ya wajawazito inayofika mlangoni. Akaandika, nikabeba mfuko mwingine.

Niliacha kwa sababu ya choo, na nitaliandika hili bila kuzunguka kwa kuwa ndilo linalofichwa. Kama siku ya tano hivi nilikuta choo cheusi tii, cheusi kama lami. Nilishikwa na hofu ya kweli. Nilishawahi kusikia kwamba mtu akivuja damu tumboni choo chake huwa cheusi, nami tayari nilikuwa nimeambiwa damu yangu (kipimo cha himoglobini, ile inayobeba oksijeni) ni 8.9 wakati mjamzito anatakiwa awe na 11. Nikajumlisha: hizi dawa zinanikausha ile kidogo iliyobaki. Ongeza kichefuchefu juu ya kile cha mimba, ongeza choo kigumu cha siku tatu. Halafu mama mmoja ninayemheshimu akanivuta pembeni, "Mwanangu, hivyo vidonge vinamnenepesha mtoto, utaishia kupasuliwa." Basi. Vikaenda droo.

Sentensi moja ingeokoa vidonge 47: *choo kitakuwa cheusi, usishtuke*. Weusi ule ni chuma chenyewe. Utumbo huchukua sehemu ndogo tu ya kile ulichomeza, kinachobaki kinateremka na kutoka, na njiani ndicho kinachovuruga tumbo. Sikuelezwa. Na miaka yote tangu hapo, kila ninapokaa na wanawake wenzangu na mazungumzo yakafika kwenye mimba, nikiuliza kama kuna aliyeelezwa, wengi wanacheka. Kila mmoja ana droo yake.

Hoja yangu ni nyepesi, na sidhani kama itawafurahisha wanaoandaa ripoti: katika nchi zetu maskini tunahesabu vidonge vilivyotoka stoo, halafu tunashangaa damu haipandi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa karibu asilimia 30 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 duniani wana upungufu wa damu. Ni zaidi ya nusu bilioni. Mwaka 2012 nchi wanachama zilikubaliana kukipunguza kiwango hicho kwa nusu ifikapo 2025. Mwaka 2025 ulifika, kiwango kikiwa palepale, na lengo likasogezwa hadi 2030. Dawa yenyewe ni ya bei rahisi kuliko karibu dawa zote zilizomo ndani ya kabati la zahanati. Wala si mpya: mwaka 1832 daktari Mfaransa, Pierre Blaud, alikuwa tayari anawapa wasichana waliopauka vidonge vya chumvi ya chuma, na wanapona. Chumvi ya chuma ndiyo tunayopewa hadi leo, karibu miaka 200 baadaye. Kinachokosekana hakimo ndani ya kidonge.

Kwa nini wanawake? Kwa sababu ya hesabu ya damu, ambayo ukiipiga mara moja hutaisahau. Kila mililita ya damu inayotoka huondoka na karibu nusu miligramu ya chuma, na hedhi inakuja kila mwezi. Mimba moja, kuanzia mtoto na kondo hadi damu ya ziada ya mama, inadai karibu gramu 1 nzima ya chuma. Mwanamke mwenye afya njema huwa na akiba ya theluthi ya kiasi hicho. Asiye na akiba kabisa, aliyezaa mwaka juzi na bado ananyonyesha, anaingia mimba nyingine akiwa na deni. Ndiyo maana mwongozo wa WHO unataka kila mjamzito apate miligramu 30 hadi 60 za chuma kila siku pamoja na foliki ya mikrogramu 400.

(Ukisoma boksi ukaona miligramu 200 au 300, usidhani umezidishiwa. Ule ni uzito wa chumvi nzima. Chuma chenyewe ndani yake ni kama 60. Hata wauzaji wa dawa nimeona wakichanganya.)

Deni hilo hudaiwa siku ya kujifungua. Utafiti uliofuatilia zaidi ya wanawake 10,000 wenye upungufu wa damu huko Pakistan, Nigeria, Tanzania na Zambia, uliochapishwa 2023, ulionyesha kwamba kadiri damu ilivyokuwa chini, ndivyo hatari ya kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua ilivyopanda. Mwenye damu kidogo ndiye anayevuja zaidi, na kiasi ambacho mwingine angekivumilia kwake ni kifo. Mimi nilipona. Nilitoka leba na 7.6, nikizunguka nyumbani kwa kushika ukuta. Nisingependa kumsikia mtu akiniambia kwamba ni uzembe wangu.

Maana hiyo ndiyo lugha inayotumika. "Wanawake hawazingatii dawa." Hebu ifikirie: mtu amepewa dawa inayomtapisha, ya ugonjwa ambao kwake ni uchovu tu, na uchovu ameuzoea tangu utotoni. Kizunguzungu anadhani ni jua. Moyo unamwenda mbio akipanda ngazi, anadhani ni uzito wa tumbo. Anakula udongo, anadhani ni uroho wa mimba, wakati mara nyingi ni mwili unaolalamikia chuma. Umwambie ameze kwa miezi sita bila maelezo. Hata daktari angeacha.

Kuna mambo ya kisayansi ambayo yangemrahisishia, lakini yanashuka polepole sana kutoka kwenye majarida hadi kwenye benchi la kliniki. Ini hutoa homoni iitwayo hepsidini. Ukimeza chuma leo, hepsidini inapanda na kufunga mlango wa utumbo kwa takribani siku nzima, kwa hiyo kidonge cha kesho kinakuta mlango nusu umefungwa. Watafiti wa Zurich, Uswisi, mwaka 2017 waliwapa wanawake 40 wenye akiba ndogo ya chuma, wasio wajawazito, vidonge vya miligramu 60. Waliomeza kila siku walifyonza karibu asilimia 16 ya chuma. Waliomeza siku moja na kuruka moja, karibu asilimia 22. Kwa mwanamke asiye na mimba, basi, kuruka siku kunaweza kuwa na faida, na tumbo likapata nafasi ya kupumua.

Mjamzito asikimbilie kujiamulia hilo, kwa sababu mahitaji yake ni makubwa na muda wake mfupi. Hata hivyo kuna kitu kwenye mwongozo kinachonikera. WHO inaruhusu mjamzito aliyeshindwa na maudhi ya dawa ya kila siku ameze miligramu 120 mara moja kwa wiki, ila pale tu ambapo wajawazito wenye upungufu wa damu hawafiki asilimia 20. Naelewa sababu: kwenye upungufu mwingi dozi ndogo haitoshi. Lakini matokeo yake ni kwamba nafuu inamfikia yule ambaye jamii yake ina damu ya kutosha, na sisi wengine tunabaki na mawili, kila siku au droo. Na ninayoyaona mimi, droo inashinda.

Sasa, wapo watakaoniuliza habari za malaria, na wana haki. Kule Pemba, jaribio kubwa la kuwapa watoto wadogo chuma na foliki lilisimamishwa mwaka 2003 baada ya kuonekana kwamba waliopewa walikuwa wakilazwa na kufariki zaidi ya wasiopewa. Matokeo yalitoka 2006 na kuwatia baridi watu wengi. Vimelea vya malaria navyo vinapenda chuma. Lakini wale walikuwa watoto. Jaribio la wajawazito 470 magharibi mwa Kenya, lililochapishwa 2015, halikuona ongezeko la malaria kwa waliomeza miligramu 60, na watoto wao walizaliwa na uzito wa takribani gramu 150 zaidi. (Yule mama aliyenitisha kuhusu mtoto kunenepa alikuwa na chembe ya ukweli, sema gramu 150 hazimpeleki mtu kisuni.) Funzo la Pemba ni kwamba chuma kiende sambamba na chandarua na dawa za kuzuia malaria, na hilo nalo lina kona zake: foliki ikiwa ya miligramu 5 inapunguza nguvu ya SP, dawa ya kuzuia malaria wanayopewa wajawazito, wakati ile ya mikrogramu 400 haina tatizo.

Wala sidai kwamba kila aliyepauka anahitaji chuma. Hapo ndipo wapenzi wa suluhisho moja huanguka. Kambodia walipewa kipande cha chuma chenye umbo la samaki cha kuchemshia chakula; dunia ikakipigia makofi, lakini jaribio lililochapishwa 2017 halikukuta damu imepanda. Wengi wa wanawake wale walikuwa na hitilafu za kurithi kwenye himoglobini, na chuma hakiwezi kurekebisha urithi. Kwingine ni selimundu. Kwingine ni kichocho, au minyoo ya safura inayonyonya damu ukutani mwa utumbo usiku na mchana, na ukimimina chuma juu yake unajaza ndoo iliyotoboka. Ndiyo maana dawa ya minyoo hutolewa kwa wajawazito baada ya miezi mitatu ya mwanzo. Sindano za chuma za mshipani zipo, na kwa aliye na hali mbaya na amekaribia kujifungua zinaweza kuwa sahihi. Ila sindano isitumike kuruka mazungumzo ambayo hatujawahi kuyafanya.

Mimba yangu ya pili nilikwenda kliniki nyingine. Damu ilikuwa 9.4. Nesi alikuwa mtu mzima, miwani kwenye ncha ya pua, foleni yake ndefu vilevile. Akaweka vidonge mezani, asinipe kwanza.

"Vya mwanzo ulimeza?"

"Nilimeza."

Akaniangalia juu ya miwani. "Mama, sikugombezi. Vingapi vilibaki?"

Sijui kwa nini nilimwambia. "Arobaini na saba."

Hakushtuka hata kidogo. Akasema choo kitakuwa cheusi, na kisipokuwa cheusi atajua simezi. Akasema nimeze usiku nikienda kulala, kwa maji, na chai au kahawa ikae mbali kwa saa moja au mbili. Choo kikiwa kigumu niongeze maji, tumbo likikataa kabisa nirudi kabla ya tarehe, nisisubiri mwezi mzima. Vidonge viwe juu mtoto asipofika, kwa kuwa mtoto akivila vingi vinaua. Haikuzidi dakika tatu. Nilikuwa natazama saa ya ukutani nikiwaonea huruma waliokuwa nyuma yangu.

Hudhurio lililofuata aliniuliza tena. Nikamwambia siku nne nimeruka, tumbo lilinisumbua. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni, akairudisha, halafu pembeni ya lile neno "amepewa" akaandika kwa kalamu nyekundu: *ameruka 4*. Kisha akanichoma kidole kupima. Ilikuwa 10.3.