Mikupuo mitatu ya wavu: wapi hesabu ya samaki inaaminika, wapi haiaminiki

Ukivuta wavu uleule mahali palepale mara kadhaa, na samaki waliopatikana ukawaweka pembeni, kwa kawaida kila mkupuo, yaani kila mvuto mmoja wa wavu, hutoa samaki wachache kuliko uliotangulia. Kasi ya kupungua huko hutumika kukadiria samaki wote waliokuwamo tangu mwanzo. Mwaka 1939 watafiti Leslie na Davis walitumia wazo hili kukadiria panya wa Freetown, Sierra Leone, na mwaka 1947 mtafiti DeLury akaliendeleza kwa takwimu za uvuvi. Hapa Mwanza, ambako mabwawa ya sato yanaongezeka na kila mwalo una mjadala wake kuhusu samaki waliobaki ziwani, nadhani njia hii inatufaa, ila si kwa maji yote.

Hesabu ya mikupuo miwili ni rahisi. Zidisha idadi ya kwanza kwa yenyewe, kisha gawanya kwa tofauti ya hizo mbili. Bwawa likitoa sato 120 halafu 60, jibu ni 240. Mfugaji anayelisha kwa kufuata uzito wa samaki wote bwawani anaihitaji sana namba hiyo, kwa sababu chakula ndicho kinachokula mtaji wake. Samaki hawafi pia: wanasubiri kwenye kizimba kidogo cha wavu, kazi ikiisha wanarudishwa. Hakuna mashine wala mtaalamu wa kusafirishwa kutoka mbali. Kwa wilaya kama Magu au Misungwi, hiyo ni faida kubwa.

Tatizo linaanza wavu unapokuwa dhaifu. Tuseme mkupuo wa kwanza umetoa 70 na wa pili 66. Jibu ni 1,225. Wa pili ungetoa 60, jibu lingeshuka hadi 490. Samaki sita tu, na makadirio yamepungua kwa zaidi ya nusu! Wa pili ukizidi wa kwanza, hakuna jibu kabisa. Ndiyo maana mikupuo miwili naikataa. Wa tatu unasaidia kukagua: katika mfano wa 120 na 60, tunatarajia 30 hivi. Zikija 48, ujue kuna kitu kimebadilika, pengine wavu umevutwa vizuri zaidi au samaki wameingia kutoka upande mwingine.

Hata hivyo kuna kosa ambalo mkupuo wa tatu hauwezi kulifichua. Samaki hawakamatiki sawasawa. Wanaoogelea katikati ya maji hubebwa mapema, ilhali kambare mumi anajichimbia kwenye tope na sato wengine wanapita chini ya wavu pale sakafu ya bwawa ilipo na mashimo. Namba zinaweza kushuka kwa uzuri kabisa, 120, 60, 30, na bado kukawa na samaki wengi ambao wavu haukuwagusa hata mara moja. Kwa hiyo mara nyingi njia hii hukadiria chini ya idadi halisi. Mfugaji akiiamini bila kuikagua, atalisha pungufu na samaki wake watadumaa.

Lakini bwawa lina kitu ambacho ziwa halina: siku ya mavuno makubwa linakaushwa. Hapo unahesabu wote, unalinganisha na makadirio ya mikupuo, na unajua wavu wako unakosa sehemu gani. Kwangu hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote za kuitetea njia hii, na nasikitika kuona siku hiyo ikipita samaki wakipimwa kwa kilo tu.

Ziwa lenyewe ni jambo jingine. Victoria lina kilomita za mraba zipatazo 68,800, na hesabu hii inadai maji yaliyofungwa. Kijito kinachoingia ziwani unaweza kukiziba kwa nyavu juu na chini kabla ya kuanza. Ghuba ya Speke huwezi. Sangara na dagaa wanahama, na nafasi ya waliovuliwa jana inajazwa na wageni leo. Mavuno hayashuki, na hesabu inakuambia samaki ni tele wakati wanakwisha. Ukichanganya na injini kubwa na taa zenye mwanga mkali zaidi, mwalo unaweza kupokea shehena ileile kwa miaka huku ziwa likipungukiwa.

Wapo wanaosema basi tutumie pembezoni mwa ziwa, kwa sababu vipimo vya sauti vinavyofanywa na meli za utafiti havioni vizuri maji ya kina kifupi, anakopenda kukaa sato. Hoja hiyo ni ya kweli, na siipuuzi. Ila wavu unaofaa kazi hiyo ufukweni ni ndugu wa kokoro, wavu wa kukokota hadi ufukweni, lililopigwa marufuku kwa sababu linazoa vifaranga kwenye mazalia. Wakipewa wavu huo watafiti wa TAFIRI (Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania) kwa eneo dogo lililozungushiwa nyavu, sawa. Kuugawa kwenye vikundi vya BMU (vikundi vya wanajamii vya kusimamia mialo na uvuvi) kwa jina la kuhesabu samaki kungefungua mlango ambao tumehangaika miaka mingi kuufunga.

Kwa wenye mabwawa, ningependa daftari liandikwe namba zote tatu pamoja na muda wa kila mkupuo, si jibu peke yake, ili siku ya kukausha bwawa pawepo na kitu cha kulinganisha nacho.