Ofa ya Piza Isiyovuka Feri
Kila Jumanne duka moja la piza hapa Mombasa hutangaza kwamba ukinunua moja utapewa ya pili bure, na kila Jumanne sisi wakaazi wa Likoni, ng'ambo ya feri, huambiwa kwenye simu kwamba ofa hiyo hailetwi nyumbani, ni lazima mteja aifuate mwenyewe. Niifuate vipi? Nipange foleni ya feri na watoto wawili, nivuke, nipande tuktuk hadi Nyali, kisha nirudi na maboksi mapajani, jibini imeshaganda na mafuta yamepenya kadibodi hadi kwenye buibui langu? Nauli peke yake imeshaila ile piza ya bure! Ninaelewa kwamba mwenye pikipiki lazima alipwe, na kwamba bei ikipunguzwa nusu faida hubaki kiduchu, hilo silipingi. Basi kwa nini msitutajie gharama ya kuleta, tuamue wenyewe kulipa au kuacha? Mbona piza ya bei kamili huvuka maji bila shida, kwa pikipiki ile ile na feri ile ile? Wenzangu wa ng'ambo, ni wangapi mmejibiwa hivi huku watoto wamekaa mkao wa kula? Nanyi wenye duka, angalau liandikeni sharti hilo kwenye tangazo, kwa herufi kubwa kama zile za neno "bure".