Opera ya Amistad isikimbilie mahakamani

Anayetaka kutunga opera juu ya maasi ya La Amistad, jahazi ambamo Waafrika waliotekwa kuwa watumwa waliwaasi waliowabeba, hugongana na tatizo la sauti mapema sana. Skuna hiyo ilipoondoka Havana, Kuba, mwaka 1839 ilibeba mateka 53: wanaume 49 na watoto 4, watatu kati yao wasichana. Mwanamke mzima hakuna. Saa mbili za teno na besi tupu, yaani sauti za kiume, huchosha sikio, tena sauti hizo zinakaa palepale panapopigwa selo, fagoti na tromboni, kwa hiyo maneno yanamezwa. Anthony Davis, ambaye opera yake Amistad ilionyeshwa mara ya kwanza Chicago mwaka 1997, alimleta jukwaani mungu wa kike wa maji. Afadhali hilo kuliko kumbunia Sengbe Pieh, kiongozi wa maasi, mchumba wa kulia pwani. Mimi ningewapa pia wale watoto wanne kazi ya maana, kisha okestra niipandishe juu, filimbi na fidla, tromboni zingoje kwaya inyamaze.

Kosa kubwa ni kuyamaliza maasi haraka ili tumsikie John Quincy Adams, rais wa zamani wa Marekani, akiwatetea mateka mbele ya Mahakama Kuu ya nchi hiyo, 1841. Hoja ikiimbwa hula muda mara mbili au tatu ya kuisema, na sioni muziki utaongeza nini kwenye mabishano ya mkataba wa 1795 na Hispania. Muziki uko baharini. Nahodha Ferrer na mpishi Celestino walipouawa, Pedro Montes, Mhispania aliyekuwa amenunua baadhi ya mateka, aliachwa hai ili awarudishe Afrika. Mchana alielekea mashariki, jua likimsuta. Usiku akageuza kaskazini-magharibi. Karibu wiki nane hivyo, mpaka Long Island, karibu na New York. Tendo zima limo humo: kwaya inaimba wimbo mfupi wa mashariki, inalala, okestra inaushusha nusu toni gizani, na asubuhi wanauanza upya bila kujua kwamba ufunguo umebadilika.

Wengi wa mateka walikuwa Wamende, watu wa nchi ambayo leo ni Sierra Leone, na Kimende ni lugha ya toni: kupanda na kushuka kwa sauti hubadili maana ya neno. Melodia ikipanda pale neno linaposhuka, maana inapotea. Basi mzungumzaji arekodiwe kwanza akiyasema mashairi, noti zifuate.

Jaribuni kwa piano kabla ya kuandika sehemu za okestra. Dakika tatu zikikatwa baadaye, karatasi ya kila mpigaji inasahihishwa. Davis mwenyewe aliirekebisha kazi yake kwa ajili ya Charleston mwaka 2008.

Minyororo ya chuma halisi huua kila mahali palipoandikwa kimya. Ivikwe ngozi, mlio wake uachiwe wapiga ngoma. Na sitaha inayoyumba sitaki kuiona. Mwimbaji anayetafuta mizani hukaza tumbo, pumzi inakatika, macho yanampoteza kondakta. Taa ziyumbe, yeye asimame imara.