Nilivyopiga X Nyumba za Watu

Wachoraji wa Tingatinga wana raha yao. Tangu Edward Saidi Tingatinga aanze mambo yale Oysterbay mwaka 1968, kwa vipande vya hadibodi na rangi ya baiskeli, tembo wao hana kivuli. Saa mbili asubuhi ni tembo, saa nane mchana ni tembo yule yule. Mimi nikajitia kuchora nyumba, tena nje, tena Magomeni, na jua la Dar halimsubiri mtu.

Nilizipenda nyumba tatu za Kiswahili zilizofuatana, zile za zamani zenye ukumbi katikati na baraza mbele. Zote zinatazama mashariki. Asubuhi kuta zake zinawaka manjano hadi chini. Jua likipanda kidogo, kivuli cha bati kinaanza kuteremka ukutani kama pazia. Unachanganya rangi ya kivuli, ukiinua macho kimeshafika dirishani. Unarekebisha, kimeshafika kwenye kitasa cha mlango. Monet alipokuwa akichora kanisa kuu la Rouen, 1892 na 1893, alitoa picha zaidi ya 30 za kanisa hilo hilo: mwanga ukibadilika, anaweka kanvasi hii chini na kushika nyingine. Mwenye kanvasi za kubadilisha atagombana vipi na jua? Mimi ninayo moja, na hiyo moja ni ya mkopo.

Ndipo nikapata akili. Nitaweka alama pale kivuli kilipofika saa mbili, kesho saa hiyo hiyo nakikuta palepale. Ukuta ni wa chokaa, chaki nyeupe haionekani, nikachukua nyekundu. Mstari mtu angedhani ni ufa. Nikaweka X. Ndogo tu, moja kila nyumba.

Aliyekuwepo Bonde la Msimbazi mwishoni mwa 2015, au Kimara mwaka 2017 wakati Barabara ya Morogoro inapanuliwa, hahitaji kuambiwa kitu. X nyekundu ikitua ukutani, linalofuata ni tingatinga, na hilo si la Oysterbay.

Nami nilikuwa nimesimama ng'ambo ya barabara, nyuma ya stendi ya miguu mitatu, jicho moja nimefumba, mkono nimeunyoosha na brashi, napima urefu wa paa.

Wa kwanza kutoka alikuwa bibi wa nyumba ya kati, ndoo mkononi. Akaiona X. Akaniona mimi. Akaiona miguu mitatu ya stendi. Ndoo ikaanguka.

"Jamani wapimaji! Wamekuja!"

Sijui watu wote wale walikuwa wamelala wapi. Punde tu bibi akarudi na mfuko wa rambo umejaa karatasi: leseni ya makazi, risiti za kodi, hadi cheti cha kipaimara cha mpangaji wake.

"Shikamoo bibi," nikasema.

"Shikamoo yako weka! Nyumba hii aliijenga marehemu mume wangu, wewe hujazaliwa!"

"Bibi, mimi nachora tu. Hiyo ni alama ya kivuli."

"Kivuli!" akawageukia watu. "Mmesikia? Safari hii wanabomoa kwa ajili ya kivuli!"

Nikawaonyesha kanvasi. Kijana mmoja wa bodaboda akaikagua, akatikisa kichwa. "Hii ndiyo ramani yenyewe. Oneni, nyumba ya nne hawajaichora kabisa. Hapo ndipo barabara inapopita."

Mwenye nyumba ya nne akanivuta pembeni na soda ya baridi. Nikajua huyu ndiye mwenye busara. Akaninong'oneza: "Kaka, mbona mimi umeniruka? Nipige na mimi X, kubwa, ionekane. Fidia ikitoka tutaongea."

Mjumbe alipofika alisikiliza pande zote, akaikodolea macho ile picha, akaamua kwamba mpimaji wa serikali hawezi kuchora vibaya kiasi kile. Roho iliniuma, lakini niliokoka. Hukumu: nifute alama zangu.

Nikafuta kwa kitambaa cha maji. Chaki nyekundu ikaingia kwenye chokaa, kila ukuta ukapata doa la waridi la upana wa sinia. Mjumbe akamtuma mtoto dukani kwa hela yangu, ikaja chokaa na brashi pana, nikaanza kupaka nyumba za watu.

Nilipomaliza nyumba ya bibi, kivuli cha bati kilikuwa kimefunika nusu ya ukuta. Bibi akasogea, akarudi nyuma, akafumba jicho moja kama alivyoniona nikifanya.

"Mbona huku juu pana ubuluubuluu?"

"Ni kivuli hicho, bibi."

"Kivuli kile kile kilichotaka kunibomolea? Paka tena."