Kitanzi kimedondoka? Nani alikiona?

Mama yangu mdogo aliwekewa kitanzi, kile kifaa kidogo cha umbo la T kinachokaa ndani ya kizazi kuzuia mimba, mwaka 1998, akimnyonyesha mtoto wake wa nne. Baada ya miaka miwili akashika mimba. Kliniki muuguzi alitafuta nyuzi za kitanzi zinazotokeza kwenye mlango wa kizazi, hakuziona, akasema kimedondoka. Mtoto wa tano alizaliwa salama, tukamshukuru Mungu, mambo yakaishia hapo. Lakini mama mdogo hakuwahi kukiona kitanzi hicho, si chooni, si kwenye pedi.

Mwaka 2011 mkojo ulianza kumuunguza. Kila akienda zahanati anaambiwa UTI, anapewa vidonge, anarudi nyumbani. Miaka ikapita hivyo, hadi akawa anaona aibu hata kulisema tena. Siku alipokojoa damu ndipo akapigwa ultrasaundi, likaonekana jiwe kwenye kibofu. Eksirei ikaonyesha herufi T katikati ya jiwe lile. Kitanzi kilitoboa kizazi, kikaingia kwenye kibofu, chumvi za mkojo zikakigandia mwaka baada ya mwaka. Alipasuliwa kikatolewa.

Simtishi mtu. Kitanzi ni njia nzuri, na kile cha shaba hukinga mimba miaka 10 hadi 12 bila kumeza kidonge hata kimoja. Kutoboa kizazi hutokea kwa takriban mwanamke 1 kati ya 1,000. Hatari hiyo huongezeka kwa anayenyonyesha, na kwetu wengi huwekewa wakati huohuo, maana ndipo wanapofika kliniki.

Kinachoniuma ni hilo neno “kimedondoka”. Uzi usipoonekana, huenda umejikunja ndani ya mlango wa kizazi. Huenda kitanzi kimetoka kweli. Huenda kimehama. Vidole haviwezi kujua ni lipi kati ya hayo. Ipigwe ultrasaundi, na kama hakionekani ndani ya kizazi, ipigwe eksirei ya tumbo lote hadi nyonga. Picha isipokionyesha popote, hapo tukubali kimedondoka. Mjamzito atasubiri ajifungue ndipo apigwe eksirei, sawa, lakini basi iandikwe kwenye kadi yake kwa kalamu nyekundu! Mama mdogo alijifungua, na hakuna aliyemuuliza tena.

Halafu wapo waliosahau kabisa kwamba wanacho. Siku ya kuwekewa walielezwa kinavyokinga. Mwaka wa kukitoa hawakuandikiwa. Hedhi imekoma, wajukuu wamejaa nyumbani, kitanzi kingali ndani. Aliyevuka miaka 50 anapaswa kukitoa mwaka mmoja baada ya hedhi ya mwisho, kwa sababu kikiachwa kinaweza kuleta maambukizi au damu, na kizazi kikisinyaa kukitoa huwa kazi.

Nilipomsimulia mama mkubwa haya, alinyamaza kidogo, kisha akaniambia, “Mwanangu, mimi nilikiweka mwaka 1994.” Ana miaka 67. Hakumbuki kama kiliwahi kutolewa. Jumatatu nampeleka.