Vani ya mtumba au iliyounganishwa nchini: tazama sakafu kabla ya rangi

Katika soko la magari la Kenya, vani ya abiria 14 husifiwa kwa jambo moja kabla ya mengine yote: kwamba imeshushwa Mombasa kutoka Japani juzi tu na haijaonja barabara za hapa. Ile iliyounganishwa nchini, iwe Thika, Mombasa au Nairobi, mnunuzi huiendea akiwa na shaka tayari, akiamini kwamba kazi ya viwanda vyetu haiwezi kufikia ya Wajapani. Imani hiyo ina msingi wake na haifai kupuuzwa. Tatizo ni kwamba inalinganisha magari ambayo mara nyingi hayakutengenezwa kwa kazi moja, na anayebeba hatari ya tofauti hiyo ni abiria, ambaye hakuulizwa chochote.

Wanaotetea mtumba wana hoja nzito. Bei yake humwezesha mtu wa kipato cha kawaida kuingia katika biashara ya matatu bila kuweka rehani shamba la familia. Kiwango cha Kenya cha ukaguzi wa magari, KS 1515, hakiruhusu gari lililopita umri wa miaka 8, na ukaguzi hufanywa kabla halijapakiwa melini. Huko Japani kwenyewe, gari dogo la mizigo likishatimiza miaka miwili hutakiwa kupita ukaguzi wa kisheria kila mwaka, kwa hiyo mwenye nalo hawezi kulitelekeza. Spea zake nazo ni tele. Yote hayo ni kweli, ingawa vani iliyotumika Hokkaido, kaskazini mwa Japani, ambako barabara humwagiwa chumvi ili kuyeyusha barafu, yaweza kung'aa ubavuni huku chini imeliwa na kutu.

Kuitofautisha vani ya mtumba na iliyounganishwa nchini hakumshindi anayejua pa kuangalia. Gari lililotengenezwa kwa soko la ndani la Japani halina namba ya utambulisho ya herufi na tarakimu 17. Lina namba fupi ya chesi, kwa mfano KDH201, kisha kistari, kisha tarakimu saba. Magari yaliyokusudiwa masoko ya nje hubeba namba ndefu, na yale yanayoletwa vipande vipande ili yaunganishwe huku yamo katika kundi hilo. Namba ndefu peke yake haithibitishi kwamba gari limeunganishwa Kenya, kwa kuwa hata jipya lililoletwa likiwa zima huwa nayo, na ndiyo sababu bamba la kiwanda na hati ya umiliki havina budi kusomwa pamoja. Kwa upande wa Nissan, Caravan ni jina la soko la Japani, na Urvan ni la masoko ya nje. Hata redio hutoa ushahidi, maana ya Kijapani hukomea megahezi 90, au 95 katika magari ya karibuni, na hivyo stesheni nyingi za Nairobi hazishikiki bila kifaa cha kubadilisha mawimbi. Lakini redio hung'olewa kwa dakika chache, na jina la mlangoni hubandikwa na yeyote.

Alama ambayo ningependa kila mnunuzi aitafute ni herufi moja. Katika Toyota HiAce ya kizazi kilichoanza mwaka 2004, bamba la modeli la gari la soko la Japani huandikwa KDH201V, TRH214W, KDH223B na kadhalika. V ni vani ya mizigo, W ni gari la familia, na B ni basi dogo. Vani ya V yenye umbo la kawaida ina urefu wa milimita 4,695 na upana wa milimita 1,695, vipimo vilivyochaguliwa makusudi, kwa sababu sheria ya Japani humpa mmiliki usajili wa gari dogo la mizigo asipovuka mita 4.7 kwa 1.7. Usajili huo hudai pia kwamba nafasi ya mizigo izidi ile ya abiria. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya sakafu yake ilibuniwa kubeba makasha na vifaa vya mafundi.

Vani hiyo ikifika, viti huongezwa. Fundi huunda fremu za mabomba, huzifunga sakafuni kwa bolti, na mikanda hushikizwa kwenye fremu hizohizo. Kanuni za Michuki, yaani kanuni za usalama wa matatu zilizopewa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, zilidai mkanda kwa kila abiria, na mkanda upo. Swali ni umeshikwa na nini. Tuchukue abiria wa kilo 70 katika gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, likagonga na yeye akasimamishwa ndani ya nusu mita. Mwili wake huuvuta mkanda kwa nguvu ya takriban mara 20 ya uzito wake, yaani karibu tani 1.4. Safu ya abiria watatu huivuta fremu kwa zaidi ya tani 4, na nguvu hiyo yote hupita kwenye bolti chache zilizopenya bati jembamba. Bolti yenyewe yaweza kustahimili. Bati huchanika, na bolti hutoka na washa yake. Hapo kiti, mkanda na abiria huondoka pamoja na kumwangukia aliye mbele, ambaye naye amefungwa kwenye kiti cha namna ileile. Katika mwendo wa kilomita 80, ambao ndio upeo unaoruhusiwa na kidhibiti mwendo, nishati inayopaswa kumezwa ni zaidi ya mara mbili na nusu ya ile ya kilomita 50.

Gari lililobuniwa kwa abiria tangu mwanzo, liwe limeunganishwa hapa au limeletwa zima, huwa na sakafu iliyoimarishwa pale viti vinapofungwa. Wanaoicheka vani ya Thika kwa sababu mlango wake hauna mlio laini wa Kijapani hawajawahi kulizingatia hili. Haki inadai niseme pia kwamba HiAce ya B, ambayo Wajapani huitumia kama basi la abiria 14, ni gari zuri na ni mtumba vilevile, na kwamba baadhi ya vani zilizounganishwa nchini zilianza kama za mizigo na kuongezewa viti mtaani.

Kuhusu injini, hoja ya zamani ilikuwa kwamba dizeli yetu ingeua mitambo ya kisasa ya Japani. Imepungua nguvu tangu Januari 2015, kiwango cha salfa kiliposhushwa hadi sehemu 50 kwa milioni. Maji na uchafu katika mafuta bado huharibu injekta, na injini rahisi ya dizeli isiyo na turbo ya masoko ya nje, kama 5L-E ya Toyota, huvumilia zaidi.

Dhidi ya vani ya hapa kuna bei, na hilo sina jibu jepesi. Vipande vinavyoletwa kuunganishwa havitozwi ushuru wa forodha, ilhali gari zima hutozwa, na bado jipya la kiwandani linabaki mbali na uwezo wa wengi. Kuwafungia mtumba kwa kushusha umri unaoruhusiwa, kama rasimu za sera zilivyowahi kupendekeza, kungewaumiza wamiliki wadogo na kusingegusa hata bolti moja.

Kinachowezekana ni kidogo na hakihitaji kiwanda. Hati ya Japani ya kufuta usajili, ambayo tayari huwasilishwa forodhani, hutaja matumizi ya awali ya gari. Taarifa hiyo ikihamishiwa kwenye hati yetu ya umiliki, mkaguzi atajua ni vani ipi anapaswa kuingia chini yake kutafuta vipande vya chuma vilivyoongezwa kuzishika bolti, na mnunuzi wa gari la V ataihesabu kazi hiyo ya chuma ndani ya bei kabla hajapeana mkono na dalali.